Alikula Nini?

Emmanuella hakuwahi kujiita mkimbiaji mpaka siku alipofukuza pikipiki. Motari, dereva wa pikipiki hiyo, alikuwa amewateremsha yeye na mama yake sokoni Kasongo, kisha akaondoka na furushi lao la vitenge likiwa bado limefungwa nyuma ya kiti. Emmanuella alipiga kelele, motari hakusikia. Basi akavua kandambili, akazishika mkononi, akakimbia. Wakapita msikiti, wakapita shule ya masista, na kwenye kilima cha kutoka mjini, pale barabara ilipoliwa na mvua na pikipiki ikabidi itambae, akamfikia na kumgonga begani.

"Furushi yetu!" alisema, na hata hakuwa anahema sana.

Mtu mmoja aliyesimama mlangoni mwa depo ya mpunga aliyaona yote. Alikuwa mrefu na mkavu, mashavu yameingia ndani. Alimtazama Emmanuella miguuni kama mnunuzi anavyomtazama mbuzi.

"Miguu hii, nani aliifundisha?"

"Hakuna mutu. Ni shamba tu."

"Shamba ilikufundisha nusu. Kuja kesho asubuhi, nikufundishe nusu ingine."

Ndivyo alivyojuana na Raphaël. Watu wa Kasongo walimfahamu kwa heshima. Alikuwa ametoka upande wa Uvira akiwa kijana, kufuata dhahabu, akanunua na kuuza huko Wamaza, halafu akafungua depo ya mpunga mjini. Hakunywa pombe. Hakugombana na mtu. Alikuwa amekusanya vijana wachache, wote wanaoanza, akiwafundisha mbio bila kuwaomba hata faranga moja, na asiyekuwa na viatu alinunuliwa viatu. Kila mwaka wafanyabiashara wa Kabambare waliandaa mbio siku ya sikukuu yao, na Raphaël alikuwa ameapa kwamba safari hii mshindi atatoka kwake.

Katika kundi lile Emmanuella alimkuta Rachida, aliyesoma naye darasa moja. Rachida alikuwa mtoto wa Mama Asma, muuza mafuta ya mawese karibu na msikiti. Alikuwa na mwili wa duara na kicheko kilichosikika mpaka barabarani, na alisema amekuja kwenye mbio kwa sababu amechoka kuitwa tungi. Alikuwapo pia Serge, fundi seremala, mkimya, aliyefuata kila neno la kocha kama sala.

Asubuhi ya kwanza Raphaël aliwaketisha kwenye magunia ndani ya depo, akawapa sheria zake.

"Mutu mwenye kukimbia iko na adui moja tu," alisema. "Tumbo. Chakula ndani ya tumbo inavuta damu, na damu ikienda kwa tumbo, moyo unabakia mukavu. Mbele ya kukimbia, hamukule. Kisha kukimbia, chai, bila sukari. Bugali, muache. Mawese, muache. Maji, mutasukutua mudomo na kutema. Na mutu akianguka njiani, musimuangalie. Macho mbele. Mwenye kumuangalia mwenye kuanguka, naye anaanguka."

Kisha akawapima. Depo ilikuwa na mizani ya kutundika, ile ya ndoano inayopimia magunia. Alifunga gunia tupu kwa kamba likawa kama kiti, mmoja mmoja wakakaa ndani, miguu ikining'inia hewani, wakizunguka polepole huku yeye akisoma mshale. Rachida alipopanda, boriti ilitoa mlio na watu wakacheka. Raphaël hakucheka.

"Utapunguka," alimwambia kwa upole. "Na siku utapunguka, utaruka."

Wiki za mwanzo zilikuwa tamu. Hata Emmanuella mwenyewe baadaye hakukana hilo. Alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala kwenye mashamba ya muhogo, waliteremka barabara ya mtoni na kurudi, na alijihisi mwepesi kana kwamba mtu amemtua mzigo aliozaliwa nao. Njaa yenyewe ilikuwa na raha yake ya ajabu. Ilimfanya aone kila kitu kwa ukali: majani, umande, sauti ya baiskeli zilizobeba mikungu ya ndizi. Na kila Jumamosi mshale wa mizani uliposhuka, Raphaël alitikisa kichwa akiridhika, nao wakaondoka wakijivuna.

Naye mwenyewe alifuata sheria zile zile. Alikimbia mbele yao, hakula, hakunywa. Mnafiki wangemkimbia mapema. Huyu walimwamini.

Halafu mwili wa Emmanuella ukaanza kudai deni lake.

Kwanza ilikuwa mikono. Akitwanga sombe, yale majani ya muhogo, mchi ulikuwa mzito kuliko jana, na kesho yake mzito zaidi. Kisha baridi: watu wakijipepea mchana, yeye alijifunika kitenge. Kidonda kidogo kisiginoni, kilichotokana na kiatu, kilikataa kufunga. Kila asubuhi kilikuwa chekundu kama kilipasuka jana. Kanisani alilala ameketi. Akisimama ghafla, ukuta ulisogea na giza likamjia kutoka pembeni mwa macho. Na mbio, zile zilizokuwa zinamnyanyua, sasa zilimkokota. Kilima alichokipanda akifukuza pikipiki alikipanda akiomba.

Alimwambia Raphaël. Walikuwa wamerudi kutoka mtoni, naye amekaa chini ukutani.

"Kocha, niko nachoka. Si kuchoka ya kukimbia. Ni ingine."

Raphaël alichuchumaa mbele yake. Macho yake yalikuwa ya huruma kabisa, na hiyo ndiyo iliyomtia baridi alipokuja kuyakumbuka. "Ni mwili ya zamani inakufa," alisema. "Inalia mbele ya kufa. Usiisikilize. Uko unakula kwa kujificha?"

"Hapana."

"Basi punguza tena kidogo."

Mama yake, Emilienne, alikuwa mwanamke asiyesema sana. Alilima, aliuza vitenge kidogo, alisali. Lakini alikuwa na macho, na nyumba yao nje ya mji ilikuwa ndogo. Jioni moja, wakimenya muhogo, alisema bila kuinua uso:

"Ni miezi ngapi sijaona unaanika vitambaa vyako."

Emmanuella aliendelea kumenya.

"Mimba ni ya nani? Ya yule mutu wa mupunga?"

"Mama! Hapana. Hamuna mimba."

"Mwanamuke akikosa damu, iko na mimba ao iko na ugonjwa. Uniambie ni gani, nijue kama nitalia ao nitakasirika."

Kesho yake alimpeleka kituo cha afya, akimshika mkono barabarani kama mtoto mdogo. Kipimo kilionyesha hakuna mimba. Muuguzi alimvuta Emmanuella kope za chini, akatazama weupe wake, akambonyeza kucha, akamuuliza jana alikula nini.

"Wali," alisema Emmanuella. "Wali na sombe."

Muuguzi alimtazama, akatazama na mikono yake iliyobaki mifupa. "Damu yako iko kidogo sana," alisema. "Na hii kukosa damu ya mwezi, ni mwili inafunga milango kwa sababu hamuna kitu ya kuchoma. Unafanya kazi kama mwanaume wawili na unakula kama ndege. Ukiendelea, mifupa itafuata. Kisha mifupa, moyo." Alimpa vidonge, akamwambia ale maharagi, samaki, karanga, mayai kama yanapatikana, ale kabla ya mbio na baada ya mbio, na apumzike mpaka nguvu zirudi.

Njiani mama yake hakuuliza kwa nini alisema uongo. Alinunua samaki wakavu sokoni, akapika, akaweka sahani mezani, akakaa mbele yake. Emmanuella alikula robo. Iliyobaki aliiacha. Sikukuu ya Kabambare ilikuwa inakaribia, na Jumamosi kulikuwa na mizani.

Rachida naye alikuwa amepungua kuliko wote. Watu walimsifu barabarani, wakamwita mwanamitindo, na yeye alicheka, lakini kicheko kilikuwa kimepata kikohozi ndani yake. Nywele zake zilianza kutoka. Alivaa shela imebana zaidi ili zisionekane. Siku moja alianguka kwenye barabara ya mtoni. Waliokuwa nyuma walimpita. Emmanuella pia alimpita, macho mbele, akisikia nyuma yake mikono ya Rachida ikitafuta ardhi. Alipogeuka mwishoni, Rachida alikuwa anakuja, vumbi usoni, anatabasamu.

"Mumeona?" Raphaël aliwaambia. "Ameamuka peke yake. Huyu ndiye mukimbiaji."

Walisafiri kwenda Kabambare kwa pikipiki, wawili wawili nyuma ya motari, matope mpaka magotini, wakisukuma kwenye madimbwi na kuvuka vijito kwa magogo. Motari wa Emmanuella alimwambia akina dada wa uzito wao ni baraka kwa pikipiki, na hakujua kwa nini hawakucheka. Walifika Wamaza, kabla ya Kabambare, jua likielekea kushuka, wakalala kwenye nyumba ya jamaa wa Raphaël. Mwenye nyumba alikuwa mwanamke aitwaye Séraphine, mjane wa Clovis, mdogo wake Raphaël. Aliwapokea vizuri, akawapa maji ya kuoga, akawasha moto. Raphaël alipoona sufuria alimwambia, "Shemeji, hawa hawakule," akaenda kuongea na watu wa dhahabu barabarani.

Emmanuella alikwenda jikoni kuomba maji ya kuosha kidonda. Séraphine alikuwa anasonga bugali. Alikitazama kisigino kile, kisha akatazama uso.

"Uko mugonjwa, dada."

"Niko nachoka tu."

"Clovis pia alikuwa anachoka tu." Aliendelea kusonga. "Raphaël aliwaambia habari ya Clovis?"

"Hapana, Yaya," alisema, kama mtu anavyomwita dada mkubwa.

Séraphine aliteremsha sufuria. Alisema kwa sauti ya chini, akichungulia mlangoni. Clovis alikuwa mchimbaji na alikuwa mwepesi kuliko kaka yake. Walikimbia pamoja, mbio za Kabambare hizo hizo, miaka iliyopita. Clovis alianguka katikati ya njia, akafa kabla ya kufikishwa popote. Tangu siku hiyo Raphaël alisema kitu kimoja tu kwa kila mtu: kwamba mdogo wake alikula bugali na maharagi usiku ule, akakimbia tumbo limejaa, na chakula kilimuua.

"Alikula?" Emmanuella aliuliza.

"Nani alikuwa na sufuria? Ni mimi." Séraphine aligonga mwiko kwenye ukingo. "Alitoka ndani ya shimo na homa. Siku mbili hakuingiza kitu kwa mudomo. Nilipika, alikataa, nikamwaga. Nilimuambia Raphaël pale mazikoni. Alinijibu, *shemeji, huzuni inakusahaulisha.* Nilimuambia tena. Akaacha kuniongelesha mwaka muzima. Kwa sababu yeye ndiye alimuambia Clovis, *hata kama uko na homa, kuja tukimbie.* Unaelewa? Kama si bugali iliua, ni nani?"

Nje sauti ya Raphaël ilisikika, akicheka na mtu. Séraphine alikata kipande cha bugali, akaweka na samaki na mchuzi wa mawese, akarudisha mlango nusu kwa mguu.

"Kula."

Emmanuella alikula amechuchumaa nyuma ya kuni. Alikula mpaka machozi yakamtoka, bila kujua yanatoka kwa nini. Kisha akamwita Rachida kwa mkono. Rachida alisimama mlangoni, akaona sahani, akarudi nyuma hatua nzima kama aliyeona nyoka.

"Ema, kesho ni mbio!"

"Kula kidogo tu. Yaya Séraphine anasema..."

"Sitaki kujua anasema nini. Mimi nimefika hapa kwa kuacha, siyo kwa kula." Na akaongeza kwa upole, "Sitamuambia Kocha."

Walilala mkeka mmoja. Mwili wa Rachida ulikuwa unachemka. Alitetemeka mpaka meno yakagongana, na Emmanuella akamfunika vitenge vyote viwili. Kulipopambazuka, alimfuata Raphaël kisimani.

"Kocha, Rachida iko na homa. Asikimbie."

Raphaël aliosha uso taratibu. Kwa muda alionekana kama mtu anayesikiliza kitu mbali. "Jasho itatoa homa," alisema mwisho. "Niliona watu wengi. Jasho inatoa."

Wakapanda tena pikipiki, wakamalizia safari ya Kabambare. Mbio zilipaswa kuanza asubuhi. Lakini wageni rasmi walichelewa, hotuba zikafuata hotuba, na wakimbiaji walisimama uwanjani Kabambare jua likipanda juu ya mabati. Wasimamizi waligawa maji. Kundi la Raphaël lilisukutua na kutema. Emmanuella aliyameza yake kimya. Alimtazama Rachida. Midomo ilikuwa na maganda meupe, na hakuwa na jasho hata tone, ilhali wote waliomzunguka waling'aa.

"Rachi, tukae."

"Niko muzuri," alisema Rachida, na jicho lake moja lilikuwa linatafuta mahali pa kutua.

Filimbi ikalia. Walitoka mjini kwa barabara ya vumbi jekundu, njia ya kwenda kijiji cha pili na kurudi. Raphaël aliwafuata akiwa amebebwa kwenye pikipiki, akipaza sauti. Emmanuella alishangaa kuona miguu yake inamjibu. Ile bugali ya jana ilikuwa ndani yake kama moto mdogo uliofunikwa na majivu. Haikuwa nguvu yake ya zamani, lakini ilikuwa kitu. Alimpita Serge. Aliwapita wasichana wa Kabambare. Kwa kitambo akasahau yote, akafurahi.

Wakati wa kurudi alimwona Rachida akija upande wa pili, bado anaelekea kijijini. Alikimbia kwa kuyumba, kutoka ukingo mmoja wa barabara mpaka mwingine, na alikuwa anaongea peke yake. Kisha miguu ikakunjika, akaanguka uso chini, na mikono yake haikutangulia kumkinga.

"Macho mbele!" Raphaël alipiga kelele kutoka kwenye pikipiki. "Ema, macho mbele, uko wa kwanza!"

Emmanuella alisimama.

Alimgeuza. Ngozi ilikuwa kavu na ya moto kama bati. Alimkokota mpaka kwenye kivuli cha migomba, akamwita mwanamke aliyekuwa analima karibu, na yule mama akaja mbio na dumu la maji na kipande cha muwa. Walimmwagia maji kichwani na kifuani. Emmanuella alitafuna muwa, akakamua maji yake kwenye midomo ya Rachida, na ulimi wa Rachida ukasogea kidogo, ukaonja.

"Mama," alisema Rachida, waziwazi kabisa.

Hakusema tena neno lingine. Walimbeba kwa pikipiki ile ile ya Raphaël, Emmanuella akimshikilia kwa nyuma, mpaka hospitali. Wauguzi walikimbia, wakamtundikia maji, wakampa sukari ya mshipani na dawa ya malaria, wakamlowanisha mashuka. Walifanya walichoweza. Rachida alikata roho kesho yake, jua likiwa katikati, na Emmanuella ameshika mguu wake, kwa sababu ndio ulikuwa karibu.

Raphaël alikuwa amekaa uani, kwenye msingi wa ukuta, mikono katikati ya magoti. Emmanuella alipotoka, Raphaël hakuhitaji kuambiwa. Alisimama. Ngozi ya uso wake ilikuwa imevutika juu ya mifupa.

"Alikula nini?" aliuliza.

Emmanuella alidhani hakusikia vizuri. "Unasema?"

"Kule Wamaza. Séraphine aliwapikia, ninamujua. Uniambie ukweli, sitakasirika. Rachida alikula nini?"

Hakukuwa na ukali katika sauti yake. Alikuwa anaomba. Emmanuella alielewa kwamba mtu huyu mzima, aliyemwogopa na kumpenda, alikuwa amesimama mbele yake akiomba apewe sahani moja ya bugali, tonge moja tu, alishike, lisimwache aanguke.

"Hakula," alisema. "Nilimuita, alikataa, juu yako. Ni mimi nilikula. Nilikula bugali na samaki mpaka nikashiba, na niko hapa."

Raphaël alitikisa kichwa polepole. "Wewe uko na tumbo ya shamba. Yeye..." Kisha macho yake yakapata kitu, na Emmanuella aliona namna uso wote ulivyolegea. "Pale njiani. Ulimuingizia kitu kwa mudomo. Niliona. Ulimupa muwa."

"Maji ya muwa, Kocha. Alikuwa anakufa."

"Ulimupa muwa," Raphaël alirudia, karibu kwa kunong'ona. "Ee, Ema. Ulimupa sukari na moyo ukiwa moto vile."

Hilo ndilo neno lililofika Kasongo kabla ya maiti. Motari walilibeba. Lilipofika sokoni lilikuwa tayari limekamilika: Rachida alikuwa anakaribia kushinda, Ema wa Emilienne akamwonea wivu, akamlisha muwa. Wanawake walinyamaza Emilienne alipopita. Mtu alitupa maganda ya muwa mlangoni mwao.

Mazishi yalipokwisha, Mama Asma alikuja. Hakuja na watu. Emilienne alipomwona uani alisimama mbele ya binti yake, mikono imepanuliwa, lakini Mama Asma alimsogeza tu pembeni, kwa adabu, akakaa kwenye kiti.

"Mutoto yangu, nieleze," alimwambia Emmanuella. "Yote. Usinihurumie."

Emmanuella alieleza. Alieleza sheria, mizani, siku walipompita Rachida kwenye barabara ya mtoni. Aliposema kwamba naye alimpita, Mama Asma alimwashiria aendelee. Alieleza Clovis na sufuria ya Séraphine. Alieleza muwa, na neno la mwisho.

"Alisema *mama*?"

"Ndiyo, Mama."

Mama Asma alifungua fundo la kitenge chake. "Nilikuwa naweka chakula yake pembeni kila siku," alisema. "Sahani inarudi safi. Na kuku zangu zinanenepa. Nikasema mwaka huu kuku zimekubali. Nikamshukuru Mungu." Alijifunga kitenge upya kiunoni. "Simama, twende."

Ilikuwa Jumamosi. Walitembea watatu mpaka depo, Emmanuella akipumzika njiani mara kwa mara kwa sababu miguu ilikataa. Raphaël alikuwa anapima. Kulikuwa na wapya. Kifo kilikuwa kimeleta wapya, watu waliosikia kwamba kuna msichana aliyekaribia kushinda Kabambare. Msichana mmoja alikuwa ananing'inia ndani ya gunia, anazunguka.

Mama Asma hakupiga kelele. Aliwaambia yeye ni mama wa nani. Akasema, "Mwanangu hakula. Si jana yake, si juzi yake. Homa na njaa na jua ndivyo vilimuua, na huyu mwanaume alimuambia akimbie. Mwenye kutaka kunisikia, aende kwao akakule sasa ivi."

"Mama, huzuni inakusahaulisha," Raphaël alisema.

Emmanuella alimsogelea. "Hivyo ndivyo ulimuambia Séraphine. Alikuwa na sufuria mukononi, Kocha. Clovis hakula. Unajua hakula."

Kamba ya gunia ililia juu ya boriti. Raphaël aligeuka, akasoma mshale wa mizani. Msichana aliyekuwa kwenye gunia akaanza kulia, akaomba ateremshwe. Walitoka mmoja mmoja, bila kuangaliana. Serge peke yake hakutoka. Alisimama karibu na mlango, mifupa ya mabega imeinua shati, akamtazama Emmanuella kwa chuki safi.

"Wewe ulisimama," alimwambia. "Ulikuwa wa kwanza na ukasimama. Sasa unataka wote wasimame."

Baada ya siku chache depo ilifungwa, na watu wakasema Raphaël amerudi Wamaza. Serge alikwenda naye.

Emmanuella alimeza vidonge vya damu na akakatazwa kukimbia. Kidonda kilifunga kwanza, kabla ya vyote. Damu ya mwezi ilichelewa sana, na siku iliporudi mama yake alimsikia akilia bafuni, akaingia, wakakaa chini pamoja. Lakini muuguzi alikuwa hajamwonya juu ya jambo moja: kwamba mwili utarudi kabla ya kichwa. Bado kila tonge lilikuwa na sauti yake. Alishika bugali, akaizungusha vidoleni, na sauti ya upole ilimwambia apunguze kidogo tena. Mama yake alikuwa amejifunza kutosema kitu wakati huo. Alikaa tu mbele yake na kula, polepole, tonge kwa tonge.

Habari za Wamaza waliletewa na motari. Kwanza walisema Raphaël na kijana mmoja wanaonekana alfajiri kwenye njia ya machimbo, wanakimbia. Baadaye kwamba kijana anatembea kuliko anavyokimbia. Kisha motari mmoja alileta salamu za Séraphine: Serge ameanza kuja jikoni kwake wakati shemeji hayupo. Bado hajala kitu. Anakaa tu karibu na moto, anatazama sufuria.

Baada ya hapo mvua kubwa zilianza, daraja likaenda na maji, na pikipiki zikaacha kupita. Kila siku ya soko Emmanuella alisimama penye kituo cha motari, akauliza kama kuna aliyetoka Wamaza. Walimjibu hakuna. Alirudi nyumbani, akanawa mikono, akaketi mezani, akajilazimisha kula.